Kilimanjaro tunauona kutoka Amboseli. Tunaweza kuupanda kutokea huku?

SWALI: Habari za kazi, kaka. Naishi Emali, upande wa Kenya. Nikienda Amboseli huuona Kilimanjaro vizuri alfajiri, lakini ikifika saa nne umeshajificha. Kwa nini? Halafu, mwakani nataka kuupanda na wenzangu wawili. Kwa kuwa Loitokitok iko pale chini ya mlima, tunaweza kuanzia huko badala ya kuzunguka Namanga hadi Moshi? Kampuni moja imetuambia siku tano zinatosha, nyingine inasema saba, na tofauti ya pesa si ndogo. Tuchukue ipi?

JIBU: Nzuri, dada. Chukueni siku saba. Sababu nitaieleza, ila nianze na mawingu maana hilo ni fupi.

Usiku hewa iliyo kwenye miteremko hupoa, ikawa nzito, ikashuka mabondeni. Ndiyo maana alfajiri kilele cha Kibo huwa wazi. Jua likishapanda, miteremko hupata joto na hewa huanza kupanda, ikibeba unyevu wa ule msitu unaouzunguka mlima. Ikifika kwenye baridi ya juu, unyevu hugeuka wingu. Mnapolalamika huko chini kwamba mlima umefichwa, mara nyingi sisi waongozaji tulio kambi za juu tuko juani, tunayatazama mawingu yakiwa chini yetu. Jioni joto likipungua hufunguka tena, kwa hiyo anayetaka picha asikate tamaa kabla ya saa kumi na mbili jioni. Watu hukimbilia miezi ya kiangazi, lakini kiangazi kina vumbi na utusitusi. Asubuhi inayofuata mvua ndiyo yenye hewa safi kuliko zote, na theluji mpya juu.

Kutoka kwenu, kilele chenye ncha kilicho kushoto ni Mawenzi, mita 5,149, na lile kuba la kulia ni Kibo, penye Uhuru, kileleni kabisa, mita 5,895. Watu wa Moshi wanaviona kinyume chake.

Sasa mpaka. Mlima wenyewe uko Tanzania, na hakuna njia rasmi ya kuupanda inayoanzia ardhi ya Kenya. Utasikia hadithi kwamba Malkia Victoria alimzawadia mjukuu wake wa Ujerumani mlima huu; hiyo ni porojo tamu tu. Mstari ulitokana na mapatano ya Waingereza na Wajerumani ya 1886, ukapindishwa kuuzunguka mlima ili ubaki upande wa Wajerumani. Zamani wapandaji walikuwa wakiondokea Loitokitok, hadi mpaka wa nchi hizi mbili ulipofungwa mwaka 1977. Ulifunguliwa tena 1983, lakini kupanda sasa ni kwa kupitia mageti ya hifadhi, chini ya KINAPA (Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro), na mwongozaji mwenye leseni ni lazima.

Hata hivyo wazo lako si baya. Njia ya Rongai inapanda kwa upande huohuo wa kaskazini mnaoutazama kila siku, na geti lake la Nalemuru liko wilaya ya Rombo, Tanzania, karibu na Tarakea. Mnavuka kihalali pale Loitokitok na Tarakea, mnagongewa mihuri, kampuni inawapokea ng'ambo. Pasipoti mbebe, pamoja na kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Mwambieni wakala mapema kwamba ninyi ni raia wa Afrika Mashariki, kwa sababu viwango vyenu vya ada za hifadhi ni tofauti na vya wageni wa mbali, na ni nafuu mno. Wapo wanaosahau kukukumbusha.

Kingine kizuri cha Rongai: pepo zenye mvua hutoka Bahari ya Hindi na kumwaga maji upande wa kusini na mashariki, hivyo kaskazini ni pakavu zaidi. Mtu akilazimika kupanda karibu na msimu wa masika, humo ndimo ninamompeleka. Kwa hiari yangu ningechagua Januari na Februari, au Julai hadi Oktoba.

Turudi kwenye siku. Wapandaji wengi huuliza njia ina kilomita ngapi. Ulizeni mtalala mita ngapi kila usiku. Kileleni kanieneo (mgandamizo) ya hewa ni kama nusu ya ile ya pwani, kwa hiyo kila pumzi inaingiza nusu ya oksijeni. Mwili unajirekebisha, lakini kwa mwendo wake wenyewe, na hausikii haraka ya mtu. Madaktari wa milimani wanashauri kwamba ukishapita mita 3,000, usiongeze zaidi ya mita 500 za kulala kwa usiku mmoja, na upate usiku wa ziada wa kupumzika kila baada ya siku tatu au nne.

Kwa Rongai, ratiba ya siku tano inakulaza takriban mita 2,600, kisha 3,900, kisha kambi ya Kibo kwenye 4,700, na usiku huohuo unaamshwa kwenda kileleni. Kutoka 2,600 hadi 3,900 kwa usiku mmoja! Kijana mwenye misuli anaumia humo sawasawa na mwingine yeyote, na mara nyingi zaidi, kwa kuwa anakimbia. Ile ya siku saba inapitia kambi ya Kikelewa, mita 3,600 hivi, kisha kambi ya Mawenzi Tarn, karibu 4,300, na hapo mnalala siku mbili. Siku ya katikati mnapanda kidogo kwenye miamba ya Mawenzi na kurudi kulala palepale. Siku hiyo ndiyo mnayoilipia, na haina mbadala. Haijatimiza ile kanuni ya mita 500 kila usiku, lakini imeikaribia kuliko ile ya siku tano.

Usiku wa kileleni mnaondoka kambi ya Kibo kama saa sita. Giza lina sababu: changarawe ya ule mteremko ikiwa imeganda kwa baridi, mguu unashika, jua likiiyeyusha, unapiga hatua moja na kurudi nusu. Mtu akifika Gilman's Point, mita 5,685, huwa anadhani amemaliza. Bado kuna saa moja na nusu au mbili za kuzunguka ukingo wa kreta kupitia Stella Point hadi Uhuru. Wekeni akiba ya nguvu kwa ajili ya kipande hicho, na chupa ya maji ikae ndani ya koti. Ya nje itaganda.

Kichwa kuuma kidogo na kukosa hamu ya kula ni kawaida. Mtu akianza kupepesuka kama mlevi, kuongea yasiyoeleweka, au kuhema akiwa amekaa tu, anateremshwa saa hiyohiyo, hata kama ni usiku wa manane na hata kama amelipa. Hakuna kungoja kuche. Diamox, dawa ya kuzuia ugonjwa wa mwinuko, husaidia wengine, lakini muone daktari kabla, hasa mwenye mzio wa dawa za salfa.

Kabla ya kulipa, iulizeni kampuni mambo mawili. Je, wanapima oksijeni kwa kile kifaa cha kidoleni kila jioni, na mtungi wa oksijeni unafika kambi ya Kibo pamoja nanyi? Na wapagazi, wagumu kama tunavyowaita, wanabeba kilo ngapi na wanalipwaje? Kikomo ni kilo 20. Bei ikiwa ya chini kupita kiasi, kuna mtu anailipia, na mara nyingi ni yule aliyebeba hema lenu. Siku saba zikiwashinda kwa bei, ongezeni mtu wa nne wa kugawana gharama, au sogezeni safari miezi michache. Siku msipunguze.