Kabla hujanunua amplifaya, tandika zulia

Kaka, umesema spika zako za Klipsch zinakuchoma masikio ukipiga taarabu, hasa fidla zikipanda, na unataka amplifaya ya wati 200. Wati siyo dawa. Spika hizo zina twita ya pembe, yaani kispika cha sauti nyembamba chenye mdomo kama tarumbeta, zinapaza sauti kwa umeme kidogo. Kama zako ni za desibeli 96 (kipimo cha sauti spika inayotoa kwa wati moja), spika ya desibeli 86 ingehitaji nguvu mara 10 kufikia sauti ileile. Sebuleni, wati 20 safi zinakutosha kabisa.

Anza na chumba. Sakafu ya vigae na madirisha matupu hurudisha sauti kali kuliko amplifaya yoyote, kwa hiyo weka zulia kati yako na spika, na pazia zito. Kisha zigeuze spika kidogo zisikutazame usoni. Ukali wa twita hupungua hapohapo.

Bado zinauma? Tafuta amplifaya yenye vitufe vya besi na trebo (sauti nyembamba za juu), ushushe trebo kidogo. Ya valvu, yaani inayotumia balbu za kioo kukuza sauti, ni tamu kwa spika za pembe, ila balbu zake huchakaa na zinataka hewa. Waya za bei mbaya achana nazo.