Misheni 40 zilinishinda, saba zikanitosha

Jumapili iliyopita jioni nilipata ujumbe wa kijana mmoja wa Mbagala. Ameniruhusu niuweke hapa: “Shikamoo kaka. Tuko watatu, tunatengeneza gemu ya ulimwengu wazi, ile ya mchezaji kuzurura anakotaka, iko Dar hii hii. Hadithi kuu ina misheni 60. Tulianza Machi mwaka jana, mpaka sasa tumemaliza nne. Tufanyeje tuongeze kasi?”

Nilicheka peke yangu, kisha nikanyamaza muda mrefu mpaka mke wangu akauliza kama kuna msiba. Nikamwambia hapana, kuna mtoto wa watu anapita njia niliyopita mimi.

Jibu fupi nilimpa palepale: marahaba mdogo wangu, msiongeze kasi, punguzeni hadithi. Jibu refu ndilo hili, maana najua wengi mnaosoma hapa mna gemu ya Kariakoo au Manzese imelala kwenye kompyuta, mnangoja siku ambayo dunia itaiona.

Nianzie kibandani. Mwaka 2006, Magomeni Mapipa, palikuwa na kibanda cha gemu chenye PlayStation 2 tatu nzima na moja mbovu. Nusu saa mia mbili. Grand Theft Auto (GTA): San Andreas ilikuwa na miaka miwili tangu itoke, na kwetu hiyo ndiyo ilikuwa gemu. Nyingine zote zilikuwa za kusubiria zamu. Memori kadi ilikuwa moja, ya mwenye kibanda, na watoto hakuwapa. Kwa hiyo kila ukilipa mia mbili unaanza upya: CJ, mhusika unayemchezesha, anashuka uwanja wa ndege, mama yake amefariki, polisi wanamkamata, wanamtupa kichochoroni, anaokota baiskeli. Sehemu ile naikumbuka kuliko shairi lolote nililokaririshwa shuleni.

Sasa ona tulichokuwa tukifanya. Misheni hakuna aliyezifuata, muda wenyewe uko wapi? Tulikuwa tumenakili nyuma ya madaftari ya hisabati mpangilio wa vitufe vya kuleta pesa na silaha, tunavibonyeza haraka haraka, halafu tunaenda kuzurura. Mmoja wetu alimpeleka CJ jimu nusu saa nzima, anabeba vyuma tu. Mwingine alikuwa anachukua basi na kuendesha taratibu, anasimama kwenye taa nyekundu. Haki ya Mungu, alilipa mia mbili kusimama kwenye taa. Leo anaendesha basi kweli, mniamini msiniamini.

Lakini kiu yetu ilikuwa moja: kuiona Las Venturas, mji wa mbali mle kwenye gemu. Gemu ile ilifunga ramani kwa hadithi. Unaanzia Los Santos, na ukivuka kwenda miji mingine kabla misheni hazijafika huko, nyota nne za kusakwa na polisi zinawaka hapo hapo, huendi mbali. Kwetu sisi wa mia mbili, sehemu kubwa ya dunia ile ilikuwa ya kusimuliwa, kama Ulaya.

Baadaye nilimbembeleza mwenye kibanda, akanipa nafasi kwenye memori kadi. Nikafika misheni ya kufukuza treni na Big Smoke, rafiki wa CJ, ile iliyowatesa watu dunia nzima. Nikaipita! Kibanda kizima kilipiga kelele. Siku ya tatu nakuja, mtu amesevu juu yangu. Nina mke na mtoto, na bado namjua aliyefanya hivyo, ila sitamtaja.

Nawaeleza haya kwa sababu mimi huyo huyo, niliyenyimwa dunia kwa sababu ya urefu wa hadithi, nilipopata kompyuta nilikwenda kufanya kosa lile lile.

Mwaka 2019 tulikuwa watatu kama vijana wa Mbagala. Mimi naandika msimbo, mmoja anachora, wa tatu anaandika hadithi. Tulitumia Godot, programu ya kutengenezea gemu, kwa sababu ni ya bure na kompyuta zetu zilikuwa za kuonea huruma. Gemu ilikuwa ya dereva wa bodaboda anayesambaza mizigo ya Kariakoo. Wazo zuri tu, au sio? Basi tukalipakia misheni 40. Dereva ana mjomba, mjomba ameuawa, muuaji ni tajiri wa maghala, tajiri ana binti, binti anampenda dereva. Kulikuwa na helikopta. Hakuna kati yetu aliyewahi kupanda hata ndege.

Miezi ya katikati siisimulii. Ni makosa ya msimbo na LUKU kuisha usiku.

Mwaka 2022 tukaingia kwenye shindano moja la vijana wa teknolojia hapa mjini. Kila timu ilipewa dakika 15 na jaji. Gemu yetu ilifungua kwa tukio la msiba wa mjomba, dakika sita bila kugusa kitu. Misheni ya kwanza unatembea kwenda kwa shangazi. Ya pili unaongea na shangazi. Pikipiki unapewa ya tatu. Yule jaji, mama mmoja mpole sana, alivumilia, alivumilia, halafu akauliza, “Mwanangu, pikipiki naendesha lini?” Muda ukaisha. Hakuwahi kuiona Kariakoo tuliyoijenga kwa miaka mitatu: Mtaa wa Kongo na meza za wamachinga, Msimbazi na foleni yake, kona ya Swahili na Uhuru ambayo mchoraji wetu aliipiga picha mara ngapi sijui. Vyote vilikuwa nyuma ya shangazi.

Nilirudi nyumbani kwa mguu kutoka Posta mpaka Magomeni. Nauli nilikuwa nayo.

Katika kupita Jangwani ndipo kitu kikanijia. Kwenye gemu yetu tulikuwa tumeweka mvua. Ikinyesha sana Jangwani panajaa maji, barabara inafungwa, mzigo inabidi uuzungushe njia nyingine, na mteja anakupigia kila baada ya dakika moja. Tuliiweka kwa utani. Wiki moja kabla ya shindano mtoto wa jirani, wa kidato cha pili, aliicheza nyumbani, na mvua ilipoanza akapiga ukelele: “Jangwani pamejaa!” Akacheka mpaka akaangusha padi. Akishapata pikipiki, saa mbili hakugusa tena misheni hata moja. Alikuwa anatafuta njia za kukwepa maji. Habari za mjomba aliyeuawa hakumuuliza mtu.

Kesho yake nikawaambia wenzangu tukate. Mchoraji alikubali kabla sijamaliza sentensi. Mwandishi wa hadithi hakukubali. Aliniambia naua kazi yake, nikamwambia kazi yake inatuua sisi. Sikupaswa kulisema hivyo, na nimeshamwomba radhi mara mbili. Aliondoka na maandishi yote. Mpaka leo tukikutana kwenye shughuli ananisalimia kwa ncha za vidole tu. Niliumia, na naumia, lakini kukata nisingeacha.

Tulibakiza misheni saba. Pikipiki unayo tangu sekunde ya kwanza, ramani yote iko wazi, mjomba yuko hai na anakudai hela. Ndiyo hadithi nzima: unamlipa mjomba. Mtu anayekwenda moja kwa moja anamaliza kwa saa mbili hivi. Mwezi uliopita tumeitoa, na nasema kwa kujidai kabisa kwamba kuna watu wananiandikia wameizunguka saa ishirini na deni hawajalipa. Mmoja amesema hatalipa kamwe, mjomba wake wa kweli yuko hivyo hivyo.

Haya, ushauri. Wa kwanza na wa pili ni ule ule: kata.

Wakubwa wenyewe wanakata. CD Projekt Red, kampuni ya gemu, walisema mwaka 2020 kwamba hadithi kuu ya gemu yao Cyberpunk 2077 ingekuwa fupi kidogo kuliko ya ile yao ya awali, The Witcher 3, kwa sababu walipokea malalamiko mengi kuwa ile ya mwaka 2015 ni ndefu mno. Dan Houser, wakati huo akiwa Rockstar, waundaji wa GTA, alieleza kwamba Red Dead Redemption 2, pamoja na ukubwa wake wote, ilipunguzwa kama saa tano za hadithi, na mpenzi mmoja wa Arthur Morgan, mhusika mkuu, akaondoka nazo. Rockstar hao hao walifunga visiwa kwenye GTA IV mwaka 2008, lakini kwenye GTA V mwaka 2013 ukishamaliza utangulizi ramani yote ni yako. Nilipoliona hilo nilitamani kurudi Mapipa kuwaambia wenzangu.

Ila nisiwadanganye. Ufupi peke yake si dawa. Assassin's Creed Valhalla ya 2020 ilinishinda kwa urefu. Kila eneo la Uingereza ile lina kisa chake na muungano wake wa kutafuta. Nilikwenda mwendo wa saa kama sabini, mtoto akazaliwa, niliporudi sikumbuki Eivor, mhusika wangu mle, amemkasirikia nani. Mwaka 2023 ikaja Mirage, ambayo ilianza kama nyongeza ya Valhalla kabla ya kuwa gemu kamili: mji mmoja, Baghdad ya karne ya 9, kisa kifupi. Niliimaliza ndani ya wiki mbili, usiku usiku, sauti chini. Nilifurahi kama niliyemaliza deni la benki. Halafu nikaifunga na sijairudia, kwa sababu baada ya Basim, mhusika mkuu, kumaliza mambo yake sikuona tena cha kufanya mle. Hadithi fupi ilinifikisha mwisho, lakini haikunipa sababu ya kubaki. Sababu ya kubaki ni Jangwani kujaa maji.

Kosa jingine kubwa ni hadithi yenye haraka. Kwenye Cyberpunk una kifaa kichwani kinachokuua, daktari kakwambia umebakiwa na wiki chache, na wewe unazunguka kununua magari. Hapo ama hadithi inakuwa ya uongo au wewe unakuwa mjinga. Linganisha na Breath of the Wild ya 2017, ambayo binamu yangu alikuja nayo likizo. Ukishuka tu kutoka kwenye uwanda wa mwanzo unaweza kwenda moja kwa moja kwenye ngome kupigana na Ganon, adui mkuu, hakuna anayekuzuia isipokuwa udhaifu wako. Mimi nilizurura wiki tatu nzima. Hadithi ilikaa inaningoja kama mzee barazani, hainuni wala hainifuati.

Najua mtu ataniletea Red Dead Redemption 2 kunipinga. Nakubali, na hapo sina ujanja. Ile gemu ina sura sita na hitimisho refu, na mambo yanayomtokea Arthur yanahitaji wewe uwe umemzoea, umelala naye kambini, umemnyoa ndevu. Ukiifupisha mpaka saa kumi hutajali. Niliicheza miezi minane na kuna asubuhi nilikwenda kazini macho mekundu. Lakini iliundwa na maelfu ya watu. Ninyi mko watatu, na mmoja wenu hivi karibuni ataoa.

Nitasema na jambo ambalo halitawapendeza. Urefu wa hadithi zetu mara nyingi ni woga. Tunaogopa mtu akifika mwisho mapema atasema gemu ni ndogo, wabongo hawawezi. Basi tunaongeza misheni ya kutembea kwa shangazi. Mchezaji hatuamini na mji tuliojenga hatuuamini. Mtu aliyezaliwa mji huu, akajua kona ipi ina mama ntilie na kona ipi ina askari wa trafiki, anaficha vyote hivyo nyuma ya mjomba aliyeuawa kwa sababu Marekani wajomba huuawa! Acheni hiyo tabia. Jengeni mtaa mmoja ambao mtu atapenda kusimama kwenye taa yake nyekundu. Mkishaweza, ndiyo muweke kisa. Na mkishaweka kisa, mkate tena.

Nimerudi kwenye mahubiri, mke wangu ananiambiaga.

Yule kijana wa Mbagala nilimuuliza swali moja: katika hizo 60, ipi ikifutwa kesho utalia? Hakunijibu siku mbili, nikadhani amekasirika kama yule mwenzangu. Jana usiku akaandika: “Ya pantoni, kaka. Unavuka kutoka Kigamboni na kuku kumi wa watu, wawili wanatoroka katikati ya abiria.”

Nikamwambia anitumie hiyo tu, wikiendi nitaicheza.