Anza na Jumanne: jinsi ya kufuata msimu wa timu ukiwa na binti yako

Ukiwa na binti unayetamani apende mpira wa kikapu, usianze na mechi kubwa. Anza na Jumanne. Chagua mechi ya katikati ya wiki, na mpinzani asiyeandikwa magazetini, ukae viti vya juu kabisa karibu na paa. Mimi sikuanza hivyo, na nilipoteza mwaka mzima kabla ya kuelewa.

Naishi Marekani, Brooklyn Park, kaskazini ya Minneapolis. Kazi yangu ni kuhudumia wazee, mara nyingi zamu ya usiku. Nilipokuwa msichana kule Tanga nilicheza netiboli ya shule, tena kwa bidii, lakini hata siku moja haikunipitia akilini kwamba mwanamke anaweza kulipwa mshahara kwa kucheza mpira. Kwa hiyo mwaka 2023, mfanyakazi mwenzangu aliponipa tiketi mbili za Minnesota Lynx, timu ya kikapu ya wanawake ya hapa kwetu, nilimchukua binti yangu kama ninayempeleka kwenye bembea. Wakati huo alikuwa na miaka kumi na moja.

Mwaka ule Lynx walianza msimu kwa kufungwa mechi sita mfululizo. Tulipokwenda walikuwa nyuma tena, nami nilikuwa nimetoka kazini asubuhi bila kulala vya kutosha. Robo ya tatu ilipoisha nikamwambia tuondoke, tuwahi foleni ya magari. Hakubisha. Njia nzima alikaa kimya, tulipofika nyumbani akaniuliza kama namba 24 alimaliza mechi au alitolewa. Namba 24 ni Napheesa Collier. Sikuwa na jibu la kumpa, na niliona usoni mwake kwamba nilimkatia kitu alichokuwa anakijenga kichwani.

Hapo ndipo ushauri wangu wa kwanza unapotoka: mkienda, kaeni mpaka kengele ya mwisho. Kama huwezi kukaa, usiende siku hiyo. Mtoto anaangalia mambo ambayo wewe huyaoni.

Msimu wa 2024 tuliamua kuufuata wote. Kila timu ya WNBA, ligi ya kulipwa ya kikapu ya wanawake hapa Marekani, mwaka huo ilicheza mechi 40 za kawaida, nusu yake nyumbani, kuanzia Mei hadi Septemba, kisha mtoano. Nilichapa ratiba nikaibandika kwenye friji, nikazungushia duara siku zangu za mapumziko. Tulihudhuria mechi tisa. Nyingine tuliziona kwenye televisheni, nyingine tulisoma matokeo tu asubuhi tukinywa chai. Usijilaumu kwa zile usizoziona. Muhimu ni mtoto ajue timu ilicheza wapi jana na itacheza wapi kesho, kwa sababu hapo ndipo msimu unapokuwa na mwili.

Kuhusu pesa, niseme wazi kwa kuwa wengi mnaniuliza. Mwaka ule mechi za Indiana Fever zilipanda bei sana kwa ajili ya nyota wao mpya, Caitlin Clark. Kwa bei ya kiti kimoja cha mechi hizo, mimi na binti yangu tulikwenda mara mbili kuangalia timu nyingine, na tukabaki na chenji ya chakula. Simlaumu anayemlipia mwanawe amwone Clark. Ni mchezaji wa kuonwa. Lakini ukitumia akiba yote kwa usiku mmoja, umemnunulia mtoto picha ya simu. Target Center, ukumbi wa Lynx, inafikika kwa treni, kwa hiyo acha gari kwenye maegesho ya kituo mwingie mjini mkiwa mmetulia. Na soma masharti ya ukumbi kuhusu mikoba kabla hujatoka nyumbani.

Sasa nifike kwenye daftari, maana bila daftari nisingekuwa na la kuandika leo.

Nilimnunulia daftari la kawaida la mistari, nikamwekea sharti moja: haruhusiwi kuandika pointi. Pointi zipo kwenye simu, kila mtu anazo. Aandike mambo matatu kila mechi. Nani anawapigia wenzake kelele wakati wa kulinda? Mchezaji aliyekosa kikapu anafanya nini sekunde tano zinazofuata? Nani anasimama wa kwanza kwenye benchi mwenzake anapofunga?

Wiki mbili za mwanzo aliandika ovyo. Kisha macho yakaanza kuzoea. Akaniambia Alanna Smith, yule Mwaustralia, haachi kuongea akiwa analinda. Nikamsimulia kwamba Smith miaka miwili nyuma aliachwa na timu yake, na kwamba Bridget Carleton, Mkanada, aliachwa na Connecticut mwaka 2019 akiwa ndiyo kwanza ameingia ligini, Lynx wakamwokota. Mtoto alinyamaza akaandika majina yote mawili. Wachambuzi wengi hawakuwa wameipa timu hii nafasi kubwa kabla ya msimu, nao wakaishia na ushindi 30 na vipigo 10. Collier akachukua tuzo ya mlinzi bora wa ligi. Lakini kilichomshika binti yangu ni pasi. Lynx walikuwa wanaongoza ligi nzima kwa asisti, yaani pasi zinazozaa kikapu, na ukikaa kule juu karibu na paa unaziona pasi zikizunguka kama mtu anayesuka ukili. Viti vya chini, vya bei, huoni hilo.

Mwezi wa Julai jiandae. Mwaka wa Olimpiki ligi husimama karibu mwezi mzima, na hapo ndipo mazoea mengi hufa. Sisi tuliifuata timu hadi Paris. Cheryl Reeve, kocha wa Lynx, ndiye aliyekuwa kocha wa Marekani, Collier alikuwa naye, na fainali waliishinda Ufaransa 67 kwa 66. Smith alirudi na medali ya shaba ya Australia. Kwa hiyo mapumziko yakageuka kuwa somo la jiografia, na binti yangu ambaye hakuwa na hamu na ramani akaanza kuuliza Hungaria iko wapi, kwa kuwa Dorka Juhász anatoka huko.

Siku atakapokuambia anataka kuwa mchezaji, na itafika, usimcheke wala usimdanganye. Keti naye mhesabu. Mwaka 2024 ligi ilikuwa na timu 12, kila moja ikiruhusiwa wachezaji 12, yaani nafasi 144 kwa dunia nzima kabisa. Mshahara wa chini ulikuwa dola 64,154 kwa mwaka, na wa juu kabisa dola 241,984. Wengi wao msimu ukiisha walipanda ndege kwenda Uturuki, Italia au China kutafuta nyongeza. Ndege za kukodi kwa safari zote za msimu zilianza mwaka huo huo wa 2024; kabla ya hapo wanawake wenye urefu wa futi sita walikuwa wakijikunja kwenye viti vya ndege za abiria pamoja nasi. Binti yangu alizisikia namba hizo zote na hakuacha kucheza. Ila alianza pia kuwaangalia waamuzi wanawake, mtaalamu wa viungo anayekimbia mchezaji akianguka, na dada anayerekodi takwimu mezani. Kuna kazi nyingi pembeni ya uwanja, na mtoto anayekwenda mara kwa mara huziona zote.

Kwa mlioko nyumbani mnaotaka kufuata, tatizo ni saa. Mechi ya saa moja jioni hapa ni saa tisa usiku Tanga. Msijiue. Fuateni zile za Jumamosi na Jumapili mchana wa Marekani, ambazo kwenu huanguka baada ya chakula cha usiku, na ligi ina huduma yake ya simu, League Pass, inayokuwezesha kuangalia mechi iliyokwisha. Dada yangu mkubwa hufanya hivyo akikunja nguo. Amefika mahali ananirekebisha mimi.

Nizungumzie fainali kwa kirefu, maana huko ndiko nilikojifunza kuwa mzazi wa mtoto anayependa timu.

Lynx walikutana na New York Liberty, timu iliyokuwa ligini tangu ligi ilipoanza mwaka 1997, iliyofika fainali mara tano na kushindwa zote. Lynx walikuwa na vikombe vinne, 2011, 2013, 2015 na 2017. Cha tano kingewafanya timu ya kwanza kufikia idadi hiyo. Mshindi mwaka huo alikuwa yule wa mechi tatu kati ya tano.

Mechi ya kwanza, tarehe 10 Oktoba, nilikuwa kazini. Lynx walikuwa nyuma kwa pointi 18 kule Brooklyn ya New York, wakarudi, Courtney Williams akafunga pointi tatu huku amechezewa faulo, na mtupo huru juu yake. Kisha ikabaki chini ya sekunde moja, Lynx wakiwa mbele kwa moja, na Breanna Stewart wa Liberty akapewa mitupo huru miwili. Akafunga wa kwanza, ukaleta sare. Wa pili ungekuwa ushindi. Akaukosa. Muda wa nyongeza ukaisha naye akikosa tena chini ya kikapu, Lynx wakashinda 95 kwa 93. Nyumbani binti yangu alikuwa akirukaruka, lakini sharti ni sharti. Asubuhi nilikuta ameandika: “Stewart 1 kati ya 2. Hakuficha uso.”

New York wakashinda ya pili. Ya tatu tulikuwepo, Jumatano, watu 19,521, idadi ambayo timu haikuwahi kuipata nyumbani. Niliomba kubadilishana zamu na mwenzangu nikamlipa kwa sikukuu mbili. Sekunde ya mwisho, Sabrina Ionescu akasimama mbali kabisa na mstari wa pointi tatu akaachia. 80 kwa 77, Liberty. Ukumbi mzima ukawa kama nyumba yenye msiba. Tulitoka pamoja na wote, tukapanda treni iliyojaa watu wasiosema, na kesho yake alikwenda shule kama kawaida. Kwa mechi ya nne, Carleton, yule aliyeachwa, alisimama kwenye mstari wa mitupo huru zikiwa zimebaki sekunde mbili, matokeo 80 kwa 80, akafunga yote miwili. Binti yangu alikimbia kuleta daftari kabla hata sijamaliza kupiga vigelegele.

Jumapili, tarehe 20, mechi ya tano. Tuliangalia sebuleni, dada yangu akiwa hewani kwa WhatsApp toka Tanga, saa tisa usiku kwake, amejifunika kanga. Lynx walikuwa mbele kwa pointi mbili, zimebaki sekunde 5.2, mwamuzi akapuliza faulo ya Alanna Smith kwa Stewart. Lynx wakapinga, waamuzi wakarudia video, uamuzi ukabaki palepale. Stewart akafunga miwili. Katika muda wa nyongeza Lynx walipata pointi mbili tu. 67 kwa 62, kombe likachukuliwa na New York, na kocha Reeve akasema mbele ya waandishi kwamba wameibiwa.

Mwanangu alilia kwa namna ambayo sikuwa nimeiona tangu tulipomzika bibi yake. Nisikilizeni hapa: usimwambie ni mchezo tu. Amekaa na watu hawa miezi mitano, anajua nani huongea na nani hunyamaza, kwake si mchezo tu. Usimwambie pia kuna mwaka ujao, maana mwaka ujao hauko mezani usiku huo. Nilizima televisheni kabla ya sherehe, nikachemsha chai ya tangawizi, nikakaa naye sakafuni. Akasema waamuzi wamewaibia. Nikamwacha aseme. Mimi mwenyewe nilikuwa naamini hivyo, na bado naamini ile faulo ilikuwa nyepesi. Dada yangu akasema kupitia simu, “Mwache alie, mdogo wangu, usimharakishe,” kisha akakata akalale.

Nilimweleza jambo moja tu, kwa kuwa aliniuliza kama Collier anamchukia Stewart. Nikamwambia hao wawili ni washirika wa biashara: wameanzisha pamoja ligi yao, Unrivaled, iliyokuwa ianze Januari 2025, ili wachezaji walipwe vizuri bila kwenda ng'ambo majira ya baridi. Alinitazama kama ambaye haamini. Halafu akauliza kuhusu Ionescu, nikafungua takwimu kwenye simu: yule aliyewaua kwa mtupo wa mbali siku nne nyuma alikuwa amefunga mmoja tu kati ya 19.

Karibu saa sita usiku nilidhani amelala. Taa ya chumbani kwake ilikuwa inawaka. Nilipoingia kuizima nilikuta daftari limefunguka juu ya shuka, chini ya tarehe ya siku ile kuna mistari miwili, na hakuna hata mmoja uliohusu timu yetu:

“Stewart 2 kati ya 2. Tarehe 10 alikuwa 1 kati ya 2.”

“Ionescu alikosa 18 akaendelea kutupa.”