Kibali cha Safari Si Ruhusa ya Kuruka: Ushauri kwa Marubani Wapya

Kabla ya kuondoka, rubani hupewa na mnara wa kuongozea ndege mambo mawili ambayo sikio lililochoka linaweza kuyachukua kuwa moja. La kwanza ni kibali cha safari, kinachotaja ndege inakokwenda, njia itakayofuata, mwinuko wa kwanza itakaofikia na namba ya transponda, chombo kinachoitambulisha ndege kwenye rada ya waongozaji. La pili ni ruhusa ya kuruka, na ni hiyo peke yake inayompa rubani haki ya kuongeza nguvu ya injini na kuanza kukimbia kwenye njia ya kurukia. Katika miaka niliyorusha ndege ndogo za abiria kati ya Dar es Salaam, Zanzibar na Arusha, nimezidi kuamini kwamba kutoelewana kwetu na waongozaji ndege hakuletwi sana na Kiingereza kibovu, bali na sikio kusikia lile linalolitazamia.

Rubani anayepita njia ileile kila asubuhi hufikia mahali akaandika kibali kabla mwongozaji hajamaliza kukitamka. Siku mwinuko unapobadilishwa kwa kuwa kuna ndege nyingine inayoshuka, kalamu huandika ule wa jana. Niliwahi kuketi kando ya mwenzangu jambo hili likimtokea, na tulinusurika kwa sababu mwongozaji alitusikiliza hadi mwisho tulipomrudia maelekezo yake, akasahihisha. Hata hivyo, mwongozaji mwenye ndege kadhaa kwenye masafa yake ya redio anaweza kupitiwa, kwa hiyo ukimya wake usihesabiwe kuwa ni uthibitisho.

Kila rubani anapaswa kujifunza kwa kina ajali ya uwanja wa Los Rodeos, katika kisiwa cha Tenerife cha Hispania, ya tarehe 27 Machi 1977. Bomu lililolipuka katika uwanja wa kisiwa jirani cha Gran Canaria lilizifanya ndege nyingi zielekezwe Los Rodeos, na baadaye ukungu ukatanda. Boeing 747 ya KLM, shirika la ndege la Uholanzi, ilikuwa imejipanga mwishoni mwa njia ya kurukia, huku nyingine ya Pan Am, shirika la Marekani, ikitembea juu ya njia hiyohiyo. Mnara uliipa KLM kibali cha safari, na ndani yake mlikuwamo maneno kuhusu kukata kona baada ya kuruka. Rubani msaidizi alikuwa bado anakirudia kibali hicho ndege ilipoanza kukimbia, naye akamalizia kwa maneno yaliyoweza kumaanisha ama kwamba wako tayari kuruka, ama kwamba wanaruka. Mwongozaji alijibu "sawa", kisha akawaambia wasubiri. Wakati huohuo Pan Am nayo ikatangaza kwamba bado iko njiani, na sauti hizo mbili zikagongana redioni zikawa mlio mkali. KLM ikaigonga Pan Am, na watu 583 wakafa.

Baada ya ajali hiyo, utaratibu wa kimataifa ulikazwa: neno la Kiingereza la kuruka, "take-off", hutamkwa pale tu ruhusa yenyewe inapotolewa au kufutwa, na kwingineko husemwa kuondoka, "departure". Nawasihi vijana waishike kanuni hii hata katika viwanja vidogo, ambako rubani na mwongozaji wanajuana kwa sauti na hushawishika kuongea kama majirani.

Omba kibali chako ndege ikiwa bado imeegeshwa. Kikibadilishwa ukiwa umekaribia njia ya kurukia, simama, funga breki, uandike, kwa sababu mkono unaoongoza ndege hauandiki vizuri. Rudia njia, mwinuko na namba ya transponda kwa ukamilifu pamoja na jina la mwito la ndege yako, na usichanganye humo maombi mengine, maana mwongozaji atashughulikia ombi na kuliacha kosa lipite. Mkiwa wawili, mmoja arudie na mwingine asikilize bila kugusa kitu, kisha mkubaliane juu ya mwinuko kabla ya kuuingiza kwenye vyombo. Mkisikia mlio wa sauti zilizogongana, chukulieni kwamba kuna ujumbe uliopotea, na ombeni urudiwe.

Lililo gumu kuliko yote ni cheo. Ndani ya ndege ya KLM, mhandisi aliuliza kama Pan Am imeshatoka njiani, nahodha akajibu kwa uhakika kwamba imetoka, na mbio zikaendelea. Ndiyo maana, kabla ya kuwasha injini, mimi humwambia rubani msaidizi, hata akiwa ametoka shuleni juzi, kwamba akisema "simama" nitasimama kwanza, na maelezo atanipa tukiwa tumesimama. Naye, akiwa na shaka, huuomba mnara uthibitishe bila kungoja idhini yangu.