Hiyo picha ya zamani ya nyonga iweke pembeni kwanza

Dada usiahirishe operesheni ya kubadilisha nyonga kwa kutegemea eksirei ya mwaka juzi! Nimesoma ulivyoandika, kinena kinauma hadi usiku, unachechemea, soksi unavalishwa na mwanao, afu unauliza kama usubiri mwakani kwa sababu ripoti ilisema "usagikaji wa wastani". Hilo neno wastani limenichoma moyo, maana na mimi nilipewa hilohilo, nikakaa nalo huku mfupa unaisha ndani.

Mimi maumivu yalianzia gotini. Goti lenyewe halijavimba, halina joto, ukilibonyeza haliumi, ila nikitembea kidogo tu linawaka moto. Yule bwana aliyekuwa ananihudumia (simtaji, ila kama anapita humu ajue hasira haijaisha) akaagiza eksirei ya goti, ikaja safi, akanipa dawa za maumivu na mazoezi ya kukunja na kukunjua goti. Nikirudi nasema bado, anaongeza dozi. Hakuna siku hata moja alinilaza kitandani akaushika mguu akauzungusha, na kile kipimo hakihitaji mashine wala umeme. Unalala chali, anakunja nyonga na goti, anapeleka unyayo kwa nje ili paja lizunguke kuja ndani. Nyonga iliyosagika inagoma hapohapo na maumivu yanakupiga kwenye kinena. Mishipa ya fahamu ya nyonga na ya goti inachangia njia, ndo maana mtu anaweza kuharibika nyonga akalia goti, na hilo ni jambo la darasani kabisa, siyo siri ya mabingwa.

Baadaye daktari mwingine akapiga eksirei ya nyonga yenyewe, ripoti ikaandikwa wastani. Nikampelekea yule bwana. Akasoma karatasi, picha hakuitoa hata kwenye bahasha, akaniambia "we bado mdogo sana, hii operesheni ni ya wazee, vumilia". Basi tukaishi na ile karatasi. Maumivu yanapanda, karatasi ileile. Nimeanza kutembea na fimbo, karatasi ileile. Ikafika mahali suruali inaburuza chini upande mmoja tu, mguu umekuwa mfupi jamani, na bado mtu ananisomea wastani ya zamani hiyo kana kwamba mfupa ulisimama kumsubiri. Yani nikikumbuka hapo natetemeka. Na hizo dawa za maumivu nilizokuwa nameza kila siku nazo hazikai bure mwilini, zinagusa tumbo, figo na presha, hakuna aliyenipima hata kimoja.

Mpasuaji ndo alikuwa mtu wa kwanza kunionyesha picha. Alipiga mpya, nyonga zote mbili kwa pamoja, nimesimama, akageuza skrini nikaona. Akanielekeza ule mstari mweusi kati ya kichwa cha mfupa wa paja na kikombe cha nyonga kinamokaa, akasema hapo siyo patupu, hapo ndo lilipo gegedu, ile tabaka laini inayozuia mifupa isisuguane, halionekani kwa eksirei kwa hiyo unaliona kama nafasi. Upande wangu mzima mstari upo, unaufuata kwa kidole toka mwanzo hadi mwisho. Upande mbovu hakuna mstari, mfupa umekalia mfupa, umeota vijipembe pembeni, una vishimo ndani, na kichwa ambacho kilitakiwa kuwa duara kimebonyea juu. Sikuhitaji kusomea udaktari kuelewa. Ningeonyeshwa mapema hivo ningeamua mapema, basi.

Na bado ndani alikuta kubaya kuliko picha. Baada ya operesheni alinionyesha kwenye simu kile kichwa alichokitoa, sehemu ya juu gegedu hakuna kabisa, mfupa umesuguana hadi unang'aa kama pembe ya ndovu iliyopigwa msasa, na pembeni kuna ukingo wa mfupa ulioota ovyo. Kikombe nacho kilikuwa kimelika kwenda juu, ikabidi achukue sehemu ya hichohicho kichwa changu azibe pengo ndo nyonga bandia ipate pa kushika. Kazi ambayo kwa kawaida ni ya saa moja au mbili ikarefuka. Ila kilichonigharimu zaidi ni misuli. Ile ya ubavuni mwa tako inayoshika kiuno kisidondoke ukinyanyua mguu mmoja ilikuwa imesinyaa kwa kuchechemea muda wote huo, na chuma hakirudishi misuli, unairudisha mwenyewe kwa mazoezi. Wenzangu tuliofanyiwa kipindi kimoja walitupa magongo, mimi bado nayumba kiuno kila hatua.

Kwa hiyo sharti langu kwako ni moja na nitalirudia hadi unichoke: PICHA MPYA, NYONGA ZOTE MBILI, UMESIMAMA, NA USITOKE CHUMBANI HADI UONYESHWE HIYO NAFASI KWA KIDOLE. Ripoti ya karatasi peke yake usiikubali. Neno wastani lina tarehe, dada, na tarehe yake ni ya mwaka juzi.

Kama eksirei mpya itatoka nzuri na maumivu ni makali usikubali kurudishwa nyumbani tu. Kuna ugonjwa wa kichwa cha paja kukosa damu, mwanzoni eksirei inaweza isionyeshe kitu ila MRI, ile picha ya mashine ya sumaku, inaona. Uliza hasa kama una seli mundu, au umewahi kutumia steroidi muda mrefu, au pombe nyingi, au uliwahi kuvunjika shingo ya paja. Huko kuwahi kuna maana kubwa kwa sababu kabla kichwa hakijabonyea bado kuna ya kufanya zaidi ya kubadilisha nyonga.

Simaanishi kila picha mbaya ni kisu. Wapo wenye picha ya kutisha wanatembea vizuri, na wapo wenye picha ya katikati hawalali. Daktari anatakiwa aweke pamoja picha, maumivu na vile unavyoishi, na wewe huwezi kuvaa soksi! Hilo nalo ni kipimo.

Na hii hofu ya "bado mdogo, itachakaa": operesheni hii kwa mtindo tunaoujua leo ilianza na mpasuaji John Charnley kule Uingereza mwanzoni mwa miaka ya 1960, siyo majaribio. Uchambuzi uliotoka kwenye jarida la Lancet mwaka 2019 ulikuta takriban nyonga bandia 58 kati ya 100 zinafika miaka 25. Umri wako ni wa kujadili na mpasuaji, asikufukuze nao mtu ambaye hata picha hajaifungua.

Lingine, umesema kuna mtu kakushauri uchome sindano ya steroidi kwenye nyonga upate kusogeza siku. Kabla hujakubali mwambie wazi kwamba unafikiria operesheni, kwa sababu ukichomwa, wapasuaji wengi watakusubirisha angalau miezi 3 kwa kuogopa maambukizi. Unaweza kujifungia mlango mwenyewe kwa nafuu ya wiki chache.

Wiki hii nenda kapige hiyo picha. Ukishaonyeshwa rudi humu utuandikie walichosema kuhusu ile nafasi, upande kwa upande, mimi nitakuwepo.