Kunja Karatasi Kwanza: Kwa Wanaoanza Kusanifu Kava za Albamu Mombasa

Msanii akikujia na kazi ya kava, mara nyingi huwa ameshapiga picha. Ameegemea mlango wa nakshi Mji wa Kale, kanzu imenyooka, na anataka jina lake liandikwe kwa rangi ya dhahabu. Ipokee picha, isifu kama inastahiki, kisha iweke kando. Muulize kwanza: hii albamu itauzwa wapi, na nani ataishika mkononi? Wanaoanza hulipita swali hili mbio, na jibu lake ndilo linaloamua karibu kila kitu kinachofuata.

Msanii wa kujitegemea hana kampuni ya kumsambazia. Anauza mwenyewe mlangoni mwa shoo, kwenye harusi, kwa jamaa wa Ghuba na Ulaya wakija likizo. Kuna anayehitaji CD ndani ya kasha la plastiki, kwa sababu wateja wake ni watu wazima wanaopenda kusoma mashairi huku wakisikiliza. Kuna anayetosheka na bahasha ya kadi. Na kuna ambaye wasikilizaji wake hawana hata pa kuchezea CD. Huyo mtengenezee kadi nene yenye msimbo wa QR, au kifuko kizuri cha flashi. Usimuuzie mtu kijitabu cha kurasa 12 eti kwa sababu wewe unapenda kusanifu vijitabu.

Umbo likishajulikana, chukua karatasi tupu, rula na mkasi, ukunje mfano wa ukubwa halisi. Kwa kasha la plastiki la kawaida, kijitabu cha mbele ni milimita 120 kwa 120. Karatasi ya nyuma ni 151 kwa 118, lakini ndani ya hizo 151 mna migongo miwili, yaani kingo nyembamba za pembeni zinazokunjwa, ya takriban milimita 6.5 kila mmoja, kwa hiyo uso wa nyuma unaobaki ni 138 tu. Asiyekunja karatasi hulijua hili baada ya kuchapa, orodha ya nyimbo ikiwa imepinda kwenye kona. Kijitabu cha kupigwa pini huenda kwa kurasa nne nne: 4, 8, 12. Bahasha za kadi hazina kipimo kimoja, maana kila mchapaji ana kisu chake cha kukatia. Omba kiolezo chake kabla hujachora hata mstari. Kila ukingo utakaokatwa uongezee milimita 3 za rangi nje ya mstari, na maandishi yasogeze ndani kiasi kile kile au zaidi, kwa sababu gilotini, ile mashine ya kukatia karatasi, haikati kwa unyoofu wa kompyuta.

Mgongo usiudharau. Zitazame kanda za taarab za zamani, zile zilizosambazwa na Mbwana Radio Service hapa hapa Mombasa, bado zimo kabatini kwa watu. Kanda ikisimama rafuni, kinachoonekana ni ule ukanda mwembamba wa pembeni, na kama jina halisomeki hapo, mtu haivuti. CD iko vile vile.

Sasa maandishi, na hapa ndipo utakapotumia muda mwingi kuliko kwenye picha. Mwambie msanii hutaanza kusanifu mpaka akupe maneno yote yakiwa yamekamilika: majina ya nyimbo kwa mpangilio wa mwisho, watunzi, wapigaji, studio, mpiga picha, shukrani, mwaka, mwenye haki. Atakwambia "anza tu, hayo nitakutumia." Usianze. Jina moja likiongezwa usiku wa kuamkia kuchapa, ukurasa mzima unasogea, na makosa huingia hapo.

Kwa muziki wa pwani kuna jambo la kuangalia zaidi: aliyetunga shairi mara nyingi si anayeimba. Juma Bhalo aliimba mashairi ya Ahmad Nassir; Zein l'Abdin aliimba ya Ahmed Sheikh Nabhany. Kwa hiyo kila wimbo uulizie mtunzi wa maneno na mtunzi wa lahani, na uwaandike mbalimbali. Msanii akisema "andika langu tu", muulize tena kwa adabu. Jina la mtunzi likiachwa, hiyo fitina itamfikia yeye kwanza, kisha itakuja kwako, na mirabaha nayo itakuwa na mgogoro wake. Wapigaji hivyo hivyo: mwenye udi, mwenye kinanda, mwenye dumbaki, waitikiaji. Hao ndio watakaonunua nakala za kwanza kuwaonyesha wazazi wao.

Ukipewa mashairi ya kuchapa ndani, usimsahihishie mshairi. Akiandika "ndia" badala ya "njia", acha "ndia". Ni Kimvita, lahaja ya Mombasa, na huenda kina cha ubeti mzima kimesimama hapo. Zima kile kisahihishi cha tahajia kwenye programu yako. Na kama kuna maandishi ya Kiarabu, hakikisha programu inakubali kuandika kutoka kulia. Isipokubali, herufi huachana moja moja na kujipanga kinyume, na wewe usiyesoma Kiarabu utaona pambo zuri tu. Mpe anayesoma ayaangalie kwenye sampuli ya karatasi, si kwenye simu. Bismillahi au aya usiziweke kwenye kava hata ukiombwa, mpaka umemkumbusha msanii kwamba bahasha hii itaangushwa, itakanyagwa na mwisho itatupwa jaani. Wengi wakikumbushwa huacha wenyewe.

Picha sasa. Omba faili lenyewe, na likija kwa WhatsApp litumwe kama dokumenti, maana likitumwa kama picha hubanwa na kupoteza ubora. Kava la mitandao ya muziki huwa la mraba, na kipimo kinachopendekezwa sana ni pikseli 3000 kwa 3000. Hicho kinatosha na kubaki kwa CD, ukihesabu nukta 300 kwa inchi, ambazo ndizo wachapaji wengi wanazotaka. Kwa santuri ya inchi 12 hakitoshi: bahasha yake ni kama sentimita 31.5 kila upande, kwa hiyo pamoja na ile ziada ya kukatwa unahitaji karibu pikseli 3800. Kama kuna hata ndoto ya santuri, anza na faili kubwa. Na ukitaka kupigia ndani ya Fort Jesus, kumbuka ngome iko chini ya Makumbusho ya Taifa ya Kenya, na picha za biashara si sawa na za mtalii. Ruhusa iombwe mapema.

Rangi itakuumiza moyo. Buluu ya bahari na pinki kali ya kanga, zinazong'aa kwenye skrini, hupoa zikichapwa kwa wino nne za CMYK: samawati, majenta, manjano na nyeusi. Badili faili liwe la CMYK kabla ya kumwonyesha msanii, ili aipende ile rangi atakayoipata kweli. Herufi ndogo zichapwe kwa wino mweusi peke yake. Ukizijenga kwa wino nne, karatasi ikiteleza kidogo tu zinakuwa na vivuli.

Halafu kuna hewa yetu hii. Karatasi hunywa unyevu, na kadi iliyopakwa plastiki upande mmoja hunywa kwa upande mwingine tu, ndiyo maana hujikunja kama jani la mgomba. Katika masika, Aprili na Mei, wino nao huchelewa kukauka. Omba mkunjo ufuate nyuzi za karatasi, kadi ipigwe mstari wa kukunjia kabla ya kukunjwa, na mzigo ukae siku kadhaa kabla ya kufungwa kwenye nailoni. Mchapaji atakayekwambia hayo hayana maana, muage, utafute mwingine.

Msimbo wa QR uwe mweusi juu ya nyeupe, usipungue sentimita 2, na uzungukwe na nafasi tupu. Usiuelekeze moja kwa moja kwenye mtandao wa muziki. Uelekeze kwenye anwani ya msanii mwenyewe, ambayo anaweza kuigeuza iende kwingine. Kiungo kikifa, kadi zote zilizochapwa zimekufa nacho. Ujaribu kwenye sampuli iliyokwisha kupakwa plastiki, chini ya taa, kwa simu ya bei nafuu.

Pesa: chukua advansi, andika ni marekebisho mangapi yamo ndani ya bei, na yanayozidi yanalipiwa vipi. Ujumbe wa WhatsApp wenye "nimekubali" ni bora kuliko ahadi ya barazani, ingawa karatasi yenye sahihi ni bora zaidi. Wasanifu wachanga wengi wanadhani mchoro unabaki wao mpaka wauze haki. Chini ya Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001, kazi uliyoagizwa huhesabiwa kwamba haki yake imehamia kwa aliyekuagiza, isipokuwa mmekubaliana vingine. Kwa hiyo kama hutaki kava lako ligeuzwe fulana na mabango bila wewe kulipwa, jambo hilo liandikwe mwanzoni. Faili za wazi, zile zinazoweza kuhaririwa, nazo zitajie bei yake siku hiyo hiyo, kabla advansi haijaingia kwenye simu.