Goti linauma, nikachomwe sindano za Kichina?

SWALI: Dada, habari za kazi. Nina miaka 58, nauza mihogo ya kukaanga hapa Tanga, kutwa niko kwenye kigoda. Goti la kulia linaniuma mwaka wa tatu sasa. Daktari kasema gegedu, yaani ile sehemu laini inayozuia mifupa ya goti kusagana, limelika. Jirani ananihimiza nikachomwe sindano za Kichina. Niende?

JIBU: Shikamoo mama, na pole sana. Mimi nilichomwa kiunoni, baada ya miaka mingi ya kuinua wagonjwa wodini. Sindano zenyewe nyembamba kama unywele, hazina dawa ndani. Ikifika mahali pake unahisi uzito, kama ganzi. Unalala nazo karibu nusu saa. Mara ya nne nikaanza kuinama bila kushika ukuta, ingawa maumivu hayakuisha.

Zinaweza kukupunguzia maumivu, lakini gegedu hazilirudishi. Anayekuahidi hivyo mkimbie. Pakiti ya sindano ifunguliwe mbele yako. Kama unameza dawa za kuzuia damu kuganda, sema kabla hujaguswa.

Mazoezi nayaamini kuliko sindano: kaa kitini, nyoosha mguu, hesabu hadi tano, shusha. Na hicho kigoda, mama, tafuta kirefu zaidi.